Mgomo wa marubani wa KQ: tuimalizie hesabu ya Sh300 milioni

Saa kumi na mbili asubuhi ya Novemba 5, 2022, marubani wa Kenya Airways (KQ) waligoma. Ndege zilizokuwa zirushwe na wanachama wa chama chao, KALPA, zilibaki chini, na maelfu ya abiria wakakwama kwenye uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, na kwenye viwanja vingine. Mgomo ulidumu siku nne. Mahakama ya ajira iliwaamuru warudi kazini kufikia saa kumi na mbili asubuhi ya Novemba 9, nao wakarudi.

Kilichobaki vichwani mwa watu ni takwimu moja tu: Sh300 milioni. Hiyo ndiyo hasara ya kila siku ya mgomo kwa hesabu ya menejimenti, na ilirudiwa mpaka ikawa kama hukumu. Hadi leo ukitaja marubani wa KQ, yupo atakayekukumbusha. Mimi sina ugomvi na takwimu hiyo. Naikubali ilivyo. Ila iliachwa njiani, na hesabu ikiachwa njiani humwangukia aliye karibu.

Basi tuimalizie. Sh300 milioni mara siku nne ni Sh1.2 bilioni. Mwaka huohuo wa 2022 shirika lilitangaza hasara ya Sh38.3 bilioni. Yaani katika kila Sh100 zilizopotea mwaka ule, mgomo ulihusika na takribani Sh3, hata tukiipa menejimenti kila senti iliyodai. Zile Sh97 nyingine hazikuitiwa kikao cha dharura cha wanahabari. Sehemu kubwa yake ilikuwa gharama ya mikopo ya dola, iliyozidi kuuma kadiri shilingi ilivyoshuka. Mikopo hiyo haikusainiwa na rubani yeyote.

Mizizi yake inafahamika. Ule mpango mkubwa wa upanuzi, Mradi wa Mawingu, uliagiza ndege na kuongeza safari kwa matumaini ambayo soko halikuyatimiza: utalii ulitikisika kwa mashambulizi ya kigaidi, Ebola ikaja, mashirika ya ndege ya nchi za Ghuba yakawa yanabeba abiria walewale kwa bei ya chini. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 hasara ilikuwa Sh25.7 bilioni, na uliofuata Sh26.2 bilioni. Shirika likaanza kuuza vyombo vya ndani ili lipate kula. Boeing 777 zilikodishwa kwa Turkish Airlines, Boeing 787 mbili, zile ziitwazo Dreamliner, kwa Oman Air, na nafasi ya kutua uwanja wa Heathrow, London, mali ambayo ukishaiuza hairudi, ikaenda kwa Oman Air kwa dola milioni 75. Mwaka 2017 madeni yalipangwa upya, baadhi ya mabenki yakageuzwa wanahisa, na serikali ikatoa dhamana ya dola milioni 750. Nayataja haya kwa haraka kwa kuwa wafuatiliaji wa KQ wanayajua. Ila ni ajabu jinsi yanavyosahaulika kila rubani anapofungua mdomo.

Kuna kipimo kingine ambacho naona kinasema zaidi. Mwaka 2024 KQ ilipata faida ya Sh5.4 bilioni, ya kwanza baada ya zaidi ya mwongo mmoja. Marubani walikuwa walewale, na chama chao kilekile kinachodaiwa kulinyonya shirika. Kilichobadilika sana ni kwamba shilingi ilipanda dhidi ya dola, na uendeshaji ulikuwa umeshaimarika tangu mwaka uliotangulia. Nusu ya kwanza ya 2025 shirika likarudi kwenye hasara, Sh12.2 bilioni, na sababu kubwa iliyotolewa ni Dreamliner tatu kati ya tisa kukaa chini bila kuruka kwa uhaba wa injini na vipuri duniani. Ndege tatu tu. Ukizipanga takwimu hizi kwa mfuatano, hutaona mahali ambapo faida au hasara imefuata nyayo za marubani.

Sasa walichokuwa wanadai. Wengi waliamini ni nyongeza ya mshahara, na kwa kweli kama ingekuwa nyongeza, katika mwaka ule na hali ile, hata mimi ningewashangaa. Madai makuu yalikuwa mawili: shirika lirejeshe mchango wake kwenye mfuko wa akiba ya uzeeni, uliositishwa mwaka 2020 wakati wa Korona, na lilipe mishahara iliyoahirishwa kipindi hicho. Hayo hayakuwa matakwa mapya. Ni sehemu ya malipo ya kazi iliyokwishafanywa, au iliyokuwa ikiendelea kufanywa kwa masharti ambayo upande mmoja ulikuwa umeyasimamisha. Mwaka 2020 kila mtu alielewa. Ndege zilikuwa zimeegeshwa dunia nzima. Kufikia Oktoba 2022 abiria walikuwa wamerudi, ndege zimejaa, na mchango bado haujarudi. Neno «kwa muda» lilikuwa limefikisha miaka miwili.

Akiba ya uzeeni ni jambo dogo kwa mtu anayeweza kufanya kazi mpaka achoke. Kwa rubani si hivyo. Leseni yake inategemea cheti cha afya kinachofanyiwa upya kila mwaka, na akipita umri wa miaka 60 ni kila miezi sita. Moyo ukileta hitilafu, sukari ikipanda vibaya, jicho likififia, kazi imekwisha siku hiyohiyo, awe na miaka 58 au 38. Juu ya hapo, anarudi kwenye kifaa cha kuigiza urukaji mara mbili kwa mwaka kupimwa kama bado anafaa: injini inazimwa mawinguni, moshi unaingia, njia ya kutua inatoweka kwenye ukungu, na mkaguzi ameketi nyuma yake na kalamu. Sijui wakili au mhasibu anayefanya mtihani wa kupoteza kazi mara mbili kila mwaka mpaka astaafu. Na akifika miaka 65 haruhusiwi tena kurusha ndege za abiria za kimataifa, hata kama ana nguvu za kijana.

Ndiyo maana mfuko ule kwao una uzito ambao mtu wa ofisini haupati haraka. Kila mwezi unaopita bila mchango ni mwezi ambao haurudi, na riba yake pia hairudi. Anayedai mshahara wa Machi anaweza kulipwa Agosti na machungu yakaisha. Anayekosa miaka miwili ya mchango akiwa na miaka 40 ataliona pengo hilo akiwa na miaka 65, wakati hana tena pa kulijazia.

Mtu atasema: kama hawaridhiki, waende. Wapo walioenda, Ghuba inawajua marubani wa Kenya vizuri. Lakini katika kazi hii ngazi ya ukongwe haihamishiki kirahisi. Mara nyingi rubani anayehamia shirika jingine anaingia mkiani mwa orodha, hata kama amekuwa kapteni miaka kumi, na ukongwe ndio unaoamua nani anapandishwa, nani anarusha ndege kubwa na nani analala nyumbani sikukuu. Kwa hiyo anayebaki hubaki kwa hesabu ndefu, na sehemu ya hesabu hiyo ni ahadi ya uzeeni. Shirika linapoigusa ahadi hiyo linavunja sababu ya watu wake wenye uzoefu kubaki, kisha linatumia pesa nyingi kumfundisha mwingine aina ya ndege ambayo aliyeondoka alikuwa ameshaijua.

Upande wa pili una hoja, na baadhi ni nzito. Marubani walikuwa kama mia nne, takribani sehemu moja ya kumi ya wafanyakazi wote, na ndio wanaolipwa vizuri kuliko karibu kila mtu kwenye shirika. Mhudumu wa ndani ya ndege na fundi wa karakana nao walikatwa na kuahirishiwa, na hawakuwa na uwezo wa kulisimamisha shirika zima kwa asubuhi moja. Mkurugenzi Mkuu wa wakati ule, Allan Kilavuka, alikuwa akishughulika na wakodishaji wa ndege, mabenki na Hazina ya Taifa kwa wakati mmoja, kila mmoja akitaka kuona gharama zinapungua kabla ya kutoa senti. Ukimrudishia kundi moja mchango, makundi mengine yatapanga foleni mlangoni, na haki itakuwa upande wao. Halafu kuna mlipakodi, mwenye karibu nusu ya hisa kupitia serikali na mzigo wa dhamana juu yake. Mlipakodi huyo, ambaye pengine hajawahi kupanda ndege, ana sababu ya kuuliza kwa nini aliyeko Machakos au Busia abebe uzee wa kapteni.

Nzito kuliko zote ni amri ya mahakama. Kabla ya mgomo kuanza, mahakama ilikuwa imeusimamisha. Marubani wakagoma hivyo hivyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa mfanyakazi haki ya kugoma, na KALPA iliiegemea hiyo. Lakini haki hiyo inalindwa na mahakama zilezile ambazo amri yake ilipuuzwa, na chama kilichokuwa na hoja nzuri ya mkataba kilijifanya kionekane kama genge linalochagua sheria za kufuata. Hapo sina la kuwatetea. Walikuwa na kesi ambayo wangeweza kuibeba mbele ya jaji kwa miguu yao wenyewe, wakaibeba kwa kuwalaza abiria kwenye viti vya uwanja wa ndege.

Wakosoaji huongeza pia mwaka 2016. Wakati ule KALPA ilitishia mgomo ikitaka mwenyekiti wa bodi, Dennis Awori, na mkurugenzi mkuu, Mbuvi Ngunze, waondoke. Awori nafasi yake ikachukuliwa na Michael Joseph, na Ngunze akatangaza kuwa angeondoka mwaka uliofuata. Tafsiri ya kawaida ni kwamba chama kimezoea kuendesha shirika kutoka nyuma ya pazia. Inawezekana. Mimi naikumbuka kama mara moja ambapo watu wa ndani walisema kwa sauti kile ambacho wanahisa walikuwa wakinong'ona baada ya hasara mbili za zaidi ya Sh25 bilioni kila moja. Njia yao ilikuwa ya vitisho, sawa, ila walichokiona hakikuwa njozi.

Menejimenti nayo, Novemba 2022, ilifanya kosa ambalo naliona kubwa kuliko mgomo wenyewe. Mgomo ukiwa bado moto, ilitangaza kujiondoa kwenye makubaliano ya kukitambua chama na kwenye mkataba wa pamoja, CBA. Kumbe mzozo wote ulihusu iwapo kilichoandikwa kwenye mkataba kinaweza kusimamishwa na upande mmoja pale unapobanwa, na jibu likawa kuuchana mkataba mzima. Hata aliyekuwa na shaka kuhusu madai ya marubani alipewa ushahidi hapo. Jaji Anna Mwaure, alipowaamuru warudi kazini bila masharti, aliiamuru pia menejimenti isiwasumbue wala kuwachukulia hatua za kinidhamu, na pande mbili zirudi mezani. Amri hiyo ilisomwa nusu tu kwenye vichwa vya habari: marubani warudi.

Kuhusu meza yenyewe, naona kuna jambo moja ambalo pande zote zinalikwepa. Mchango wa akiba ya uzeeni uko kwenye fungu lilelile la fedha analolitazama mkuu wa fedha anapotafuta pa kukata, na ni rahisi kulikata kwa sababu hakuna anayelala njaa mwezi huo. Mafuta hayakatiki, kodi ya ndege haikatiki, mwenye ndege ataichukua. Kenya ina Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu tangu sheria ya 1997, kwa hiyo chombo cha kusimamia kipo. CBA ijayo ingeweza kuandika wazi ni hali gani inaruhusu mchango usimame, kwa miezi mingapi, kwa idhini ya nani, na kwamba uliosimama unahesabiwa kuwa deni lenye riba, na masharti hayohayo yakamhusu fundi na mhudumu wa ndani ya ndege. KALPA ingelazimika kukubali kwamba kuna hali ambazo mchango unaweza kusimama kweli, jambo ambalo haipendi kulisema. Menejimenti ingepoteza droo yake ya dharura, na nadhani hapo ndipo mazungumzo hukwama kila mara.