Chai ya saa nne siioni huku

Walimu wenzangu wa nyumbani Tanzania wakinipigia, swali la kwanza ni mshahara. Nikishawajibu, nawaambia jambo wasilolitegemea: huu ni mwaka wangu wa tatu Uingereza, na mchana bado nakula peke yangu darasani, sahani juu ya madaftari ya Hisabati.

Haki za kazi ninazo. Kwa mkataba wa walimu wa shule za serikali England, mkuu anaweza kunipangia kazi saa 1,265 kwa mwaka, ndani ya siku 195. Angalau asilimia 10 ya muda wa vipindi naachiwa niandae masomo na kusahihisha. (Madaftari ninayosahihisha usiku kitandani hayamo kwenye hesabu hiyo, lakini tuyaache.) Nikikosea, mkuu wa idara ananiandikia barua pepe yenye adabu, wakati chumba chake kinapakana na changu.

Nyumbani zamu ilianza kabla ya jua na hakuna aliyehesabu saa. Ada ilipofutwa mwaka 2016, mkondo wangu mmoja wa kidato cha kwanza ulipita wanafunzi 90. Ila saa nne tulijaa ofisi ya walimu, chai na mihogo ya kuchangiana. Hapo ndipo nilijua nani kafiwa, na mtoto gani hajala tangu jana. Tulilalamikia malimbikizo na madaraja yasiyopanda, kisha tukarudi darasani tunacheka.

Sisemi kwetu ni peponi. Mkuu wangu wa kwanza alikuwa akitugombeza mstarini, wanafunzi wanasikia: "Mwalimu, andalio la somo liko wapi?" Ukiingia kipindi baada ya hapo, watoto wanakutazama kwa huruma. Mwaka ule wanne waliomba uhamisho. Shule ya jirani ililipwa viwango vilevile vya serikali, ikapita barabara ileile ya vumbi, na watu wake hawakuondoka. Kisha akaletwa mama mmoja. Yeye alikuita ofisini, akafunga mlango, ndipo akakusema. Nyumba zetu zilibaki bila umeme, lakini barua za uhamisho zikakoma. Kwa hiyo anayeniambia walimu wanaondoka kwa sababu ya mshahara tu, simwelewi.

Wiki iliyopita nilipeleka chupa ya chai ya tangawizi na maandazi kwenye chumba cha walimu. Walikuja wawili. Mmoja alichukua andazi akaondoka nalo. Yule wa Jiografia alikaa mpaka kengele.