Karieri ya almasi kwenye barafu: dhamana itangulie shimo

Huku Lubumbashi, Kongo, mazuti (dizeli) yakikwama mpakani Kasumbalesa, mashine za karieri husimama siku chache, kisha kazi huendelea. Diavik, mgodi wa almasi uliojengwa kisiwani katika Lac de Gras, kaskazini mwa Kanada, haukuwa na nafuu hiyo. Mazuti, simenti na matairi ya mwaka mzima yalitegemea barabara ya barafu inayofunguliwa kwa majuma 8 hivi. Barafu ikifika sentimeta 70, malori mepesi huanza kupita. Lori la tangi lililojaa mafuta husubiri izidi mita 1. Likiwa na mzigo haliruhusiwi kuvuka kilomita 25 kwa saa, kwani uzito wake husukuma wimbi chini ya barafu, na wimbi hilo likifika ufukoni hupasua barafu. Mwaka 2006 baridi ilikuwa hafifu, barabara ikafungwa mapema, mizigo ikabidi isafirishwe kwa ndege. Bajeti ya mgodi isiyohesabu mwaka wa namna hiyo haifai kusainiwa.

Wanaoutetea mgodi huo wana hoja nzito. Kimbaliti, mwamba unaobeba almasi, wa pale ulitoa karati 3 hivi kwa tani (karati 1 ni gramu 0.2), wingi unaopatikana kwenye migodi michache duniani. Kuchambua hakuhitaji sumu ya sianidi: mwamba husagwa, hupitishwa kwenye maji yaliyofanywa mazito kwa unga wa ferosilikoni (chuma na silikoni), almasi huzama, kisha hung'aa chini ya eksirei na kupulizwa kando. Mikataba ya ajira na zabuni ilisainiwa na makundi 5 ya wenyeji kabla uzalishaji haujaanza 2003. Kwetu cahier des charges, yaani hati ya ahadi za kampuni kwa wakaaji, mara nyingi hufukuzia malori ambayo tayari yanabeba madini.

Hofu kubwa ni maji. Kimbaliti ni laini kuliko graniti inayoizunguka. Barafu za kale ziliikwangua, mabonde yakajaa maji, kwa hiyo almasi iko chini ya ziwa. Hujengwa boma la mawe, katikati yake hutiwa ukuta wa zege laini lisilopitisha maji, samaki hutolewa, ndipo pampu zinawashwa. Penye udhaifu ni miisho ya boma, linapokutana na ardhi iliyoganda: ikiyeyuka, maji hupenya, hivyo huwekwa mabomba ya kuipoza. Mawe ya taka yenye salfaidi (madini ya salfa) nayo hutoa asidi. Mpango ulikuwa kuyafunika kwa udongo mita 1.5 na graniti safi mita 3, ili baridi iyagandishe. Dunia ikizidi joto, kinga hiyo hupungua.

Kulungu wa Aktiki wa kundi la Bathurst walikuwa 470,000 hivi miaka ya 1980. Mwaka 2018 walibaki 8,000 hivi. Kuitwisha migodi lawama yote si haki, ila vumbi na magari vimewafanya waepuke eneo la kilomita 14 hivi kuzunguka mashimo.

Kwa maoni yetu, mgodi kama huu unakubalika kwa sharti moja: dhamana, yaani pesa za kuufunga, itangulie. Mwenye mgodi wa dhahabu wa Giant, karibu na Yellowknife, alifilisika 1999, na tani 237,000 za vumbi la aseniki zikabaki chini ya ardhi mikononi mwa serikali. Sheria yetu ya madini pia inadai dhamana ya kurekebisha ardhi. Kabla ya baruti ya kwanza, wakaaji waulize: iko benki gani, nani ana haki ya kuitoa, na inaongezwa kila taka ikifika tani ngapi?