Milimita moja kwa siku, na hakuna chupa ya kuiharakisha

Tulikuwa tumeshaipita Mombo yule kaka aliposimama katikati ya basi, akatuomba radhi tuliolala, akaanza mahubiri. Vidonda vya tumbo, nguvu za kiume, presha, macho, "na mishipa ya fahamu iliyokufa, mama zangu, inafufuka ndani ya siku saba." Chupa ya mafuta ya kupaka elfu kumi, mbili elfu kumi na tano. Ningerudi kulala zangu. Lakini kijana wa kiti cha mbele, mkono umening'inizwa shingoni kwa kipande cha kitenge, akanunua mbili. Ajali ya boda, alisema. Mfupa wa juu ya kiwiko umeshaunga, kiganja ndicho kimegoma kunyanyuka.

Nina hasira hadi leo.

Kwa maelezo ya muuzaji, mshipa wa fahamu ni kama waya wa umeme: umekatika, dawa inaunga, moto unawaka. Laiti. Neva, ndio huo mshipa wa fahamu, ni kitu hai. Ule uzi wake mrefu wa kupitisha ujumbe ukikatika mkononi, kipande cha chini kilichotengwa na seli yake iliyo kule kwenye uti wa mgongo hufa chote, hadi ncha ya kidole. Daktari Augustus Waller alilionyesha hilo mwaka 1850 kwa kukata neva za ulimi wa chura. Kisha seli za Schwann, zile zilizokuwa zimeuvisha uzi, zinageuza kazi: zinafagia mabaki, zinajipanga safu, zinatoa kemikali za kuuita uzi mpya. Nao unakuja, kutoka juu kwenda chini, takriban milimita moja kwa siku.

Sasa tupige hesabu ya yule kijana. Kutoka katikati ya mkono wa juu mpaka misuli inayonyanyua kiganja, tuseme sentimita 12. Hiyo ni miezi minne, na hapo ni kama mambo yanakwenda vizuri. Siku saba za muuzaji ni milimita saba. Hata nusu ya kidole gumba haijafika!

Na hapa ndipo biashara yao inaponawiri. Neva ya kunyanyua kiganja ikiumia pamoja na mfupa wa mkono wa juu, mara nyingi imevutwa au kubanwa tu, haijakatika, hivyo wengi hupona wenyewe ndani ya miezi kadhaa. Mtu anajipaka mafuta, mwezi wa nne kiganja kinanyanyuka, nani anapewa sifa? Chupa. Mashuhuda wao si waongo. Wangepona hata wangejipaka mafuta ya alizeti.

Tatizo ni wale wachache ambao neva imekatika kweli, au imeng'oka shingoni. Hiyo ya shingoni ni ajali ya pikipiki kabisa: kichwa kinakwenda huku, bega linakwenda kule. Msuli uliokosa neva huanza kusinyaa ndani ya wiki chache, na miezi inavyosonga unageuka makovu na mafuta. Ukipita mwaka mmoja, mwaka na nusu, neva hata ikifika haikuti cha kuamsha. Ndiyo maana upasuaji wa kuunga au kuhamisha neva hutakiwa ufanyike mapema, ikiwezekana ndani ya miezi sita ya kwanza. Elfu kumi dereva wa boda atazitafuta tena barabarani. Miezi saba aliyokaa nyumbani akijipaka ataipata wapi?

Binamu yangu, naye aliyeumia neva ya mkono, alikaribia kuwa mmoja wao. Aliruhusiwa hospitali (siitaji) na karatasi ya dawa za maumivu na neno moja: pumzisha mkono. Basi nyumba nzima ikapumzisha. Analishwa, anavishwa, kiwiko hakikunjwi, vidole havinyooshwi. Ukigusa tu, shangazi anakuja juu: "Mwacheni mtoto, hamumwonei huruma?" Huruma hiyo ilimkakamaza viungo vyote, hata vile ambavyo neva zake zilikuwa nzima. Dada wa fizio, yaani tiba ya mazoezi, aliyempokea baadaye alimwambia jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelitamka: neva inakuja, kazi yako ni kuhakikisha inakuta mkono unaokunjika. Kifaa cha kukiinua kiganja, mkono ule usioumia unaunyoosha ule mgonjwa, kila siku.

Kisha akamgonga taratibu kwa ncha ya kidole kando ya mkono. Pahala fulani binamu akaruka: umeme ulimtembea hadi kwenye gumba. Hapo ndipo nyuzi mpya zilipofika. Daktari Mfaransa Jules Tinel aliiandika dalili hiyo mwaka 1915, akitibu askari wa vita. Kliniki iliyofuata, ile sehemu ilikuwa imeshuka. Nakwambieni, mtu mzima alikuwa anajigonga kila asubuhi kabla ya chai, na yale mafuta hakuyaulizia tena.

Haya, nikubali kidogo, kwa shingo upande. Vitamini B si uzushi. Anayetumia isoniazidi ya TB hupewa B6 kulinda neva, anayemeza metformini miaka mingi anaweza kupungukiwa B12. Na kuchuliwa kunaliwaza, sibishi. Lakini miguu inayowaka moto usiku ipimwe sukari kwanza, jamani, kabla ya kumiminiwa kitu.

Waliopigwa kiharusi ni habari nyingine; nyuzi za ubongo hazioti upya namna hii. Ubongo hujifunza njia mbadala, na haujifunzi kwa kulazwa kitandani "mzee apumzike."

Najua fizio ni nauli, ni foleni, ni siku nzima bila hesabu ya bosi. Ndiyo sababu mazoezi yale unafundishwa ukayafanye nyumbani. Ila kuna safari moja usiikwepe: miezi mitatu imepita tangu ajali na msuli haujashtuka hata kidogo, omba rufaa ukapimwe umeme wa neva na uonwe na daktari wa upasuaji. Nenda na picha za eksirei na tarehe ya ajali imeandikwa, maana ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.