Siku Kama ya Leo, Lakini ya Wapi?

Kuna kipindi cha redio hapa kwetu, jina nalihifadhi, ambacho kila asubuhi baada ya matangazo ya vifo hutusomea “siku kama ya leo katika michezo”. Nakipenda, sitaki kusema uongo. Lakini tarehe 17 Disemba iliyopita kilinichefua mpaka chai ikanitumbukia nyongo.

Mtangazaji, kijana wa hapahapa visiwani, lafudhi yake tu inamtangaza, alituambia kwa madaha kwamba siku kama ya leo mwaka 2015 José Mourinho alifukuzwa Chelsea. Akapiga muziki, akaenda kwenye matangazo ya biashara. Kwisha.

Yaani mtu kaachishwa kazi London, mwaka uliofuata kapata nyengine Manchester, na sisi huku Pemba tunapaswa kuiadhimisha siku hiyo kila mwaka kama maulidi.

Siku kama hiyohiyo, Jumapili ya 17 Disemba 2017, Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, walikuwa Machakos wanacheza fainali ya Chalenji, kombe la nchi za Afrika Mashariki na Kati, na Kenya, nyumbani kwa Kenya. Njiani walikuwa wameshamfunga Bara 2–1 (tarehe 7, wala sitaki kuwachokoza ndugu zetu, naitaja tu), na kwenye nusu fainali wakawatoa Uganda, mabingwa watetezi, 2–1 vilevile. Fainali Kenya wakatangulia, Khamis Mussa Makame akasawazisha. Muda wa nyongeza Kenya wakatangulia tena, Makame huyohuyo akasawazisha tena. Nilikuwa barazani Wete, televisheni moja watu mtaa mzima, na lilipoingia lile la pili mzee mmoja ambaye kwa kawaida hata salamu huitikia kwa kichwa alinikumbatia akanimwagia kahawa. Halafu zikaja penalti. Kipa wao Patrick Matasi akazipangua tatu, wakatushinda 3–2. Mtaa ulinyamaza kimya cha msiba. Asiyekumbuka alikuwa wapi jioni ile basi hakuwa Zanzibar, au hakuwa hai.

Nikampigia simu yule kijana. Mpole, hana neno, aliniita “mzee wangu” mara nyingi kuliko nilivyopenda. Nikamuuliza: mbona hukuisoma ya Machakos? Akanijibu, “Mzee wangu, sisi tunachukua kwenye mtandao, tunatafsiri tu. Hiyo haikuwemo.”

Haikuwemo! Kwa hiyo mtu aliyeko ng'ambo, asiyekijua kiwanja cha Gombani wala cha Mao, ndiye anayekaa na kupanga siku gani ina jambo na siku gani haina. Sisi kazi yetu ni kutafsiri. Nendeni kwenye kijiwe chochote muwaulize vijana: 26 Mei 1999? Watakwambia mjini Barcelona, Manchester United, mabao mawili dakika za majeruhi. 25 Mei 2005? Istanbul, Liverpool katoka nyuma 3–0. (Hiyo hata mimi naiadhimisha, na mke wangu anajua siku hiyo haniulizi kitu.) Sasa waulizeni 16 Machi 2017. Waulizeni 21 Julai.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Tarehe 16 Machi 2017, Addis Ababa, mkutano mkuu wa CAF, shirikisho la mpira la Afrika, uliipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili, wa 55. Siku ileile rais wa CAF, Issa Hayatou, alipoangushwa na Ahmad wa Madagascar baada ya kukalia kiti tangu 1988. Huku kwetu nani alimjali Hayatou? Watu walipigiana honi. Maana yake ilikuwa kubwa: timu yetu ya taifa ingeingia yenyewe kwenye mechi za kufuzu AFCON, kombe la mataifa ya Afrika, na bendera yetu na wimbo wetu. Klabu zetu zilikuwa zinacheza mashindano ya Afrika zamani. Timu ya taifa ndiyo iliyokuwa inaishia kwenye Chalenji, kisha inafungiwa kabatini mpaka Chalenji nyengine.

Tukawa wanachama kwa siku 127. Tarehe 21 Julai, Ijumaa, kwenye mkutano wa dharura Rabat, CAF haohao wakatufuta. Rais mpya Ahmad alieleza kwamba haiwezekani nchi moja ikawa na vyama viwili. Hatukufungwa na mtu. Hatukucheza hata mechi moja ya kufuzu. Tuliingizwa kwa kikao, tukatolewa kwa kikao, kabla hata hatujapangiwa mpinzani.

Sasa najua atakayekuja na kanuni. Haya, kanuni ninayo: CAF inataka nchi huru inayotambulika kimataifa, na Zanzibar ni sehemu ya Jamhuri ya Muungano, kiti Umoja wa Mataifa hatuna. Sawa. Nakiri, kwa shingo upande, kwamba kwenye karatasi walikuwa na hoja. Na mfano wa Scotland na Wales tunaoupenda hausaidii sana, kwa sababu wale walikuwa na vyama vyao kabla hiyo FIFA yenyewe haijazaliwa. Lakini kanuni hiyo Machi ilikuwa imelala wapi? Au ilikuwa na likizo?

Hata hivyo leo sigombani na CAF. Nagombana na sisi. Siku zile mbili zimepita kwetu kama hazikuwahi kuwapo. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza walipotupiga mabomu, tunaijua mpaka dakika: 38, na kila mtembeza watalii Mji Mkongwe anaisimulia akitabasamu. Siku ya kupigwa na meli tunaijua, siku ya kufutwa na kikao hatuijui. Wenzetu huziadhimisha hata siku walizodhulumiwa, tena hizo ndizo wanazozishikilia zaidi. Mwingereza mpaka leo hajanyamaza na bao la mkono la Maradona la 22 Juni 1986.

Tatizo letu jengine ni kwamba sisi tunakumbuka kwa msimu, si kwa tarehe. Kombe la Chalenji la 1995, lile pekee tulilowahi kulichukua, tulilitwaa Kampala kwa kuwafunga Uganda B 1–0. Kila mtu wa rika langu analo mdomoni. Ukiuliza siku gani hasa, unaanzisha ugomvi. Nimewahi kuwasikiliza wazee wawili Chake, mmoja anasema ilikuwa kaskazi imeshaanza, mwengine anamwambia wewe husemi kitu, karafuu zetu zilikuwa bado zimo majamvini na mimi nilizikimbilia mvua huku mtu akinipigia kelele kwamba tumechukua kombe. Ugomvi mtamu, lakini huwezi kumpelekea mtangazaji wa redio karafuu majamvini.

Bwana mmoja wa hapa Wete ana kipande cha gazeti cha ushindi ule, kakibandika ndani ya kioo cha kabati la vyombo, nyuma ya birika za harusi. Picha ya timu imeshakuwa rangi ya chai. Nikamwomba anifungulie kabati nione tarehe. Kumbe alikikata kwa mkasi vizuri kabisa, kando ya picha, pande zote nne. Ile sehemu ya juu ya ukurasa, yenye siku na mwezi, ilitupwa. Alitaka picha ikae sawa kwenye kioo.

Na msiniambie kwamba watu wa visiwani hatuwezi kushika siku. Makunduchi wanaushika Mwaka Kogwa, na siku ikifika migomba inakatwa na watu wanapigana nayo, hakuna anayesubiri kutafsiri kutoka kwenye mtandao. Mchezo wa ng'ombe huku Pemba nao una wakati wake na watu wanaujua. Tukitaka tunashika.

Orodha ipo, tena si fupi. Tarehe 13 Januari 2024, Mlandege ya kwetu 1, Simba 0, fainali ya Kombe la Mapinduzi, Mlandege wakilichukua mwaka wa pili mfululizo. Tarehe 13 Januari 2025, fainali ya kombe hilohilo ikiwa ya timu za taifa, Gombani, Zanzibar 2, Burkina Faso 1. Gombani, waungwana! Tarehe 12 Agosti 2025, uwanja wa Amaan, Sudan wanawafunga Nigeria 4–0 kwenye CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, timu ya nchi iliyomo vitani, na jukwaa zima la Waunguja likawa lao. Hiyo nayo ni yetu, imetokea nyumbani kwetu.

Na kuna ya 30 Disemba 2025, ambayo kila nikiifikiria nacheka peke yangu. Taifa Stars na Tunisia 1–1 kwenye AFCON, sare iliyoipeleka Tanzania hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza. Bao la kusawazisha kafunga Feisal Salum, Fei Toto, mtoto wa Zanzibar. Timu iliyofuzu kwenda huko ilifuzu tarehe 19 Novemba 2024 chini ya Hemed Suleiman “Morocco”, kocha yuleyule aliyekuwa benchi letu Machakos. Na mechi hiyo ya Tunisia ilichezwa mji gani? Rabat. Mjini palepale tulipofutwa. Sijasikia redio hata moja ikiziunganisha tarehe hizo mbili.

Basi yule kijana nimeshamtumia orodha kwa simu, mwezi kwa mwezi. Kajibu kwa kidole gumba. Tarehe 16 Machi nitakuwa nimekaa na chai yangu nasikiliza, na nikisikia tena kocha wa Ulaya kafukuzwa, safari hii sipigi simu, nakwenda mwenyewe studio. Na nyinyi wenye magazeti ya 1995 sandukuni, pigeni picha mtume. Ukurasa mzima tafadhali, mikasi iwekeni mbali.