Fundi friji hatakuja tena

Namba yake niliihifadhi kwenye simu kwa jina la "Fundi Friji". Kwa miaka miwili fundi huyo alinipigia kila usiku kabla ya kulala. Siku aliponiandikia kwamba tuachane, nilikuwa sebuleni na mama tukitazama taarifa ya habari. Akauliza ni nani. Nikamwambia, fundi wa friji, hatakuja tena. Mama akasema mafundi ndivyo walivyo, nitafute mwingine. Nikaenda bafuni, nikafungulia bomba ili maji yafunike kilio.

Sasa naishi Uholanzi, nchi ya kwanza duniani kufungisha ndoa za watu wa jinsia moja, tangu Aprili 2001. Huku nako nimeachwa, mwaka jana. Wale wachache wa nyumbani wanaonijua hunishangaa: unalia nini na wewe uko huru? Kana kwamba sheria ikiwa upande wako, moyo nao unakuwa wa chuma.

Kuna jambo nakubali bila ubishi. Mmarekani Kenneth Doka aliandika mwaka 1989 kuhusu huzuni ambayo jamii haiitambui: umepoteza mtu, lakini hakuna anayekupa pole kwa kuwa hakuna aliyejua ulikuwa naye. Nilipokutana na maelezo hayo nilimkumbuka fundi wangu. Kwetu pole hupewa hata aliyejikwaa mlangoni, mimi nikaikosa. Kwa mshauri nasaha sikuthubutu kwenda; katika nchi zaidi ya 60, yetu ikiwemo, mapenzi haya ni kosa la jinai, nami sikujua atanyamaza au atasema.

Huku pole niliipata, tena siku hiyohiyo. Bosi aliniona macho, akaniruhusu niende nyumbani mapema. Kigugumizi kilikuwa kwenye lugha. Kiholanzi kinakubana useme kama ni mwanamume au mwanamke, wakati Kiswahili kilinifichia siri miaka yote kwa "yeye" yake. Unaweza kusimulia penzi zima, mwanzo hadi machozi, na msikilizaji asishuku kitu. (Mradi usifike kwenye kuoa na kuolewa, hapo lugha inakuumbua.)

Lakini baada ya pole? Mfanyakazi mwenzangu alinikumbatia, akafungua kalenda yake, akanipangia kahawa Alhamisi ya wiki ya tatu. Simlaumu, ndivyo wanavyoishi. Mtaalamu wa saikolojia naye ana muda wake, saa ikigonga unavaa koti. Na watu wetu, wanaozungumza Kiswahili na wanaojua mambo haya, hatufiki kumi mjini hapa. Tulipoachana, marafiki waligawanywa kama vyombo vya jikoni, mimi nikabaki na wawili.

Ndiyo maana siwezi kuikana nyumbani kabisa. Wiki ile ya fundi friji, binamu yangu aliona sili, akatandika godoro chini chumbani kwangu akalala hapo usiku nne. Hakuuliza hata swali moja. Alinisimulia ugomvi wake wa kazini mpaka nikasinzia, asubuhi akanisimamia ninywe uji. Mpaka leo sijapata dawa kama ile. Sijidanganyi pia: angejua ninamlilia nani, huenda asingelala pale hata usiku mmoja. Nilihudumiwa kwa ugonjwa nisiokuwa nao, na bado nilipata nafuu. Nani anieleze hesabu hiyo inakwendaje?

Mwaka jana, siku ya tatu ya kuachwa, mama alinipigia simu ya video. Nikamwambia nina mafua. Akanitazama kwa muda, kisha akauliza taratibu:

"Na huko fundi amekutoroka?"

Sikujibu. Hakurudia swali, wala hakukata simu. Aliendelea kuchambua mchele wake mbele ya kamera, kimya, mpaka bando lake likaisha.