Mwacheni apange sabuni

Kaka yangu alinipigia simu Jumapili usiku, amefura kwa hasira. Binti yake alihitimu chuo kikuu mwaka jana, akaingia kwenye programu ya mafunzo ya umeneja katika kampuni kubwa ya maduka, na wiki ya tatu imemkuta stoo, anafungua katoni za sabuni na kuzipanga kwenye rafu. "Dada, miaka yote ile nimelipa ada, mtoto ana digrii mkononi, leo anapanga sabuni?" Alitaka nimshawishi binti aache kazi. Mimi mwenyewe nilianzia huko huko, kwa hiyo aliamini nitakuwa upande wake.

Sikumjibu vizuri. Hasira ilinikaba, maneno yakanipotea, na nimeona niyaandike hapa yaliyonishinda kwenye simu.

Mnazijua programu hizi. Unaomba, unafanya mtihani wa mtandaoni, unakalishwa na wenzako mjadili tatizo la kubuni huku watu wanaandika pembeni, unahojiwa. Ukichukuliwa, unazungushwa mwaka mmoja au miwili, kwingine mitatu: mapokezi ya mzigo, stoo, rafu, kaunta, usimamizi wa idara, umeneja msaidizi. Wengine humalizia makao makuu, upande wa ununuzi au usafirishaji. Mzazi akisikia "umeneja" anafurahi. Akisikia kwamba unaanzia kwenye paleti, zile mbao za kupangia katoni za mzigo, anaona mwanawe kadhulumiwa.

Nitasimulia jambo moja la mwezi wangu wa nne.

Tulikuwa na shampuu ya aina moja yenye harufu sita. Harufu moja haikuwepo kwenye rafu, pengo tupu, na kompyuta ikasema zipo chupa 14. Kwa kuwa zipo 14, mfumo haukuagiza nyingine. Mfumo hauna macho ya kuona rafu, unajua namba tu. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, wateja wanauliza, sisi tunajibu imeisha. Huko makao makuu walikuwa wanatazama kitu tofauti kabisa: chupa 14 zimekaa wiki tatu na haijauzwa hata moja. Kwenye ripoti yao hiyo ilikuwa bidhaa iliyokufa, na ikaingizwa kwenye orodha ya kuondolewa madukani.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa stoo, mtu asiye na digrii wala ofisi. Alinipeleka nyuma, akapitisha kidole juu ya katoni, kikatoka na vumbi. "Hii haijaguswa siku nyingi," akasema. Akapitisha kwenye nyingine, kidole kikabaki safi. Tukaizunguka stoo nzima namna hiyo, tunasogeza, tunainua, tunatafuta zile 14. Hazikuwepo. Akafuta mikono kwenye aproni yake, akaniambia, "Mwanangu, kasimame nyuma ya kaunta jioni watu wakijaa. Usiseme neno. Tazama mikono ya keshia."

Nikaenda. Foleni ilikuwa imeingia mpaka katikati ya rafu. Akaja mteja na chupa sita za shampuu, kila moja harufu yake, bei ni ile ile. Keshia akaskani chupa ya kwanza, akabonyeza 6, akazisukuma zote pembeni. Mteja akalipa kiasi sahihi, na droo ya fedha ilikuwa sawa kabisa usiku huo. Lakini mfumo uliandika kwamba zimetoka sita za harufu ya kwanza, na zile tano nyingine bado zipo rafuni. Hilo likirudiwa wiki baada ya wiki, unapata harufu moja ambayo hesabu yake iko chini ya sifuri, na nyingine zenye chupa ambazo hazipo popote. Chupa zangu 14 zilikuwa zimeshaondoka na wateja, moja moja.

Nilimfuata keshia nimwombe askani kila chupa. Hakubishana nami. Alinipeleka chumba cha mapumziko akanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: majina ya makeshia wote, na mbele ya kila jina, idadi ya bidhaa anazoskani kwa dakika. Aliyebaki mkiani wiki mbili mfululizo aliitwa ofisini. Kampuni ilimdai kasi, naye akaipa kasi, na kasi hiyo ikaifanya kampuni iamini kwamba shampuu inayogombewa haina mnunuzi. Lile jedwali la makao makuu lisingemwambia mtu hayo hata angekuwa na digrii tano. Alitakiwa mtu aliyeliona vumbi, akaiona mikono ya keshia, akaisoma karatasi ya ukutani. Siku ile mtu huyo nilikuwa mimi, na sababu ni moja tu, kwamba nilikuwa nimewekwa stoo.

Hicho ndicho kaka yangu anataka binti yake akipite juu kwa juu. Miaka michache ijayo yeye ndiye atakayeamua bidhaa ipi iondolewe na keshia apimwe kwa kipimo gani. Naogopa meneja ambaye hajawahi kuiona mikono ile. Nimefanya kazi chini ya wawili wa aina hiyo. Walipoona upotevu wa bidhaa unapanda, jambo la kwanza walilofanya ni kuwapekua wafanyakazi mifuko mlangoni. Sehemu kubwa ya kilichokuwa kinapotea kilipotea kwenye karatasi: mzigo uliosainiwa bila kuhesabiwa, bidhaa iliyovunjika ikatupwa bila kuandikwa. Watu wazima, wenye watoto wao, wakasimama kwenye mstari wamefungua mikoba kwa sababu meneja hajui mzigo unapokelewaje. Mpaka leo nikikumbuka naumia.

Na kuna hili la umri. Utakuwa na miaka 23, unampangia zamu mtu wa rika la mama yako. Atakutii kwa sababu ya cheo, ila ataeleza kilichoharibika ikiwa tu aliwahi kukuona umebeba katoni.

Sam Walton, aliyefungua duka la kwanza la Walmart, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani, mwaka 1962, aliingia kwenye kazi hii mwaka 1940 kama meneja mwanafunzi katika duka la J. C. Penney huko Des Moines, Iowa, siku tatu tu baada ya kumaliza chuo, kwa dola 75 kwa mwezi. Doug McMillon, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa Walmart kuanzia 2014, alianza mwaka 1984 kwa kibarua cha likizo, anapakua malori ghalani. Wengi wanaopanga rafu hawatafika huko, najua. Nawataja kwa sababu kaka anaongea kana kwamba rafu ni mahali pa waliokosa shule.

Upande mmoja nampa haki yake, ingawa inaniuma. Zipo kampuni zinazoajiri wahitimu kwa jina la mafunzo halafu zinawatumia kuziba mapengo. Mwenzangu mmoja aliachwa kaunta miezi tisa, kwa kuwa duka lilipungukiwa watu na yeye hakuwa mtu wa kulalamika. Hakufundishwa chochote baada ya mwezi wa pili, akaondoka. Tofauti inaonekana mapema: kuna ratiba iliyoandikwa yenye tarehe za kuhama idara, na kuna mtu mwenye jina anayekaa nawe kila mwezi akuulize umeona nini. Kama hivyo havipo, ni kibarua, na hapo baba ana haki ya kukasirika. Na mkataba unaomdai mhitimu alipe gharama za mafunzo akiondoka mapema usomwe mara mbili kabla ya kusaini.

Nilimpigia binti mwenyewe Jumatatu. Ratiba anayo, nimemwambia anisomee. Wiki sita stoo, nane kaunta, kisha idara. "Shangazi, baba anasema nijiuzulu." Nikamwuliza yeye anasemaje. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunieleza kuhusu mzigo wa Alhamisi: hati ilisema katoni 40, yeye kahesabu 37, dereva anaharakisha, na msimamizi alishatoa kalamu asaini. Binti alikataa, wakahesabu upya, zikawa 37. Alikuwa anaongea haraka haraka, simu nzima imejaa katoni.

Jumamosi wana kuhesabu mali duka zima. Nimemwambia avae viatu vya chini, na asikubali kuonyeshwa namba ya kompyuta kabla hajamaliza kuhesabu ya kwake.