Kazi ya Geji Iko Kwenye Sensa

Watu wengi wanaoongeza geji kwenye lori la zamani huchagua kwa macho. Uso mweusi au mweupe, taa ya bluu au nyekundu, pete ya kromi. Kisha sensa, ambayo ndiyo inayopima, inafungwa popote palipopatikana tundu, na waya wake unaungwa popote penye umeme. Naona hapo kazi imeanzwa kinyume. Geji ya kawaida ambayo sensa yake imekaa mahali pake itakuokolea injini. Ya gharama kubwa iliyofungwa hovyo itakuonyesha namba za kupendeza mpaka siku injini inaponoki.

Kwanza tuelewane kwa nini geji na taa za kiwandani hazitoshi. Taa ya oili kwenye injini nyingi huwaka presha ikishashuka mpaka baa 0.3 hadi 0.5 hivi. Kwa injini iliyo mlimani na mzigo mgongoni, hiyo ni sawa na kukosa presha kabisa, na taa inapowaka beringi zimeshaanza kulika. Geji ya joto nayo, kwenye malori mengi ya zamani, inaendeshwa na kibati cha metali mbili kinachopinda kikipata moto, huku umeme wake ukipitia kidhibiti cha volti kilichojificha nyuma ya dashibodi. Mshale wake ni mzito kusogea. Kidhibiti kikifa, geji ya mafuta na geji ya joto huanza kukosea siku moja, na hiyo ndiyo dalili ya kuikumbuka kabla hujabadilisha sensa bure.

Ukiwa na nafasi ya geji tatu tu, weka presha ya oili, joto la maji na volti. Dizeli yenye tabo (turbo, feni ya kusukuma hewa inayozungushwa na moshi) iongezewe ya nne, joto la moshi. Geji ya presha ya tabo inapendeza kuitazama, lakini mimi ningeiweka mwisho.

Kabla ya kununua, hakikisha gari ni la volti 12 au 24, maana malori mengi makubwa ni 24. Halafu hakikisha sensa na geji ni jozi moja. Kuna mfumo wa omu 10 hadi 180, ambao ukinzani wake unapanda presha ikipanda, na kuna wa omu 240 hadi 33, ambao unashuka. Ukifunga sensa ya mfumo wa kwanza kwenye geji ya mfumo wa pili, mshale utaonyesha presha imejaa wakati injini imezimwa.

Thredi ndizo zinazoharibu injini za watu. Thredi ya NPT, yaani ya bomba ya Kimarekani, ya inchi 1/8 ina meno 27 kwa inchi, na pembe ya nyuzi 60. BSPT, ya bomba ya Kiingereza, ya 1/8 ina meno 28, na pembe ya 55. Ukizichanganya, kwa mkono zinaingia vizuri mizunguko miwili au mitatu, kisha zinakaza. Fundi anadhani imekamata, anaongeza spana, na matokeo yake ni tundu la bloku lililochanika au uvujaji usiokwisha. Magari ya Japani mara nyingi ni BSPT, ya Marekani NPT, na ya Ulaya utakuta nyingi ni M10x1 (upana milimita 10, jino kila milimita 1). Usikisie. Fungua swichi ya zamani, ipime kwa kipimo cha thredi, ndipo ununue fitingi.

Sasa oili, na hapa naomba tukae kidogo. Swichi ya taa usiitupe. Funga tii, kiungo cha njia tatu, ili taa na geji vifanye kazi pamoja, maana kazi ya taa ni kukushtua wakati hutazami geji. Tatizo ni namna tii hiyo inavyofungwa. Sensa ya presha ya umeme mara nyingi ni kopo la chuma lenye uzito wa kuonekana. Ukilining'iniza kwenye mwisho wa tii ya shaba ya njano iliyoingia kwenye bloku, umetengeneza nyundo inayotikiswa na injini muda wote. Tazama kwa makini pale shingo ya tii inapoingia kwenye bloku: ufa unaanzia kwenye jino la kwanza la thredi, mwembamba kama unywele, na mwanzoni hutoa unyevu tu wa oili unaoshika vumbi. Siku unapokatika, pampu inamwaga oili yote barabarani kwa dakika chache. Dawa yake ni kuweka kwenye bloku fitingi fupi ya chuma, kutoka hapo mpira wa kuhimili oili ya moto na presha, wenye kichwa cha kufunga kila upande, halafu tii na sensa zifungwe kwa kibano kwenye chesi au ukuta wa kabini. Zikae mbali na manifoldi ya ekzosi.

Geji ya oili ya kimakanika, ile inayoleta oili yenyewe mpaka ndani ya kabini, inasoma sahihi na haihitaji umeme. Kijimrija cha plastiki kinachokuja nayo, hapana. Kikiyeyuka au kikikatwa na bati, oili ya moto inamwagikia miguuni. Ukiipenda geji hiyo, weka mrija uliosukwa kwa waya za chuma, na pale unapopita ukutani uvalishe mpira.

Sensa ya waya mmoja hurudisha umeme kupitia mwili wake, yaani kupitia thredi. Ukiizungushia utepe mweupe wa mafundi bomba, unaweza kuikatia ethi, yaani hiyo njia ya umeme kurudi, na geji ikasoma ujinga. Tumia gundi ya thredi kidogo, ukiacha meno mawili ya mbele bila kitu ili isiingie kwenye njia ya oili. Na kama umeihamishia sensa kwenye mpira kama nilivyoeleza, haina ethi tena. Ifungie waya wa ethi kutoka mwilini mwake mpaka kwenye bloku ya injini.

Malori ya zamani yana ugonjwa wa ethi. Mkanda unaounganisha injini na chesi umeota kutu, na mafundi kumi wameshafunga waya zao kwenye skrubu moja chini ya dashibodi. Jaribu hivi: injini ikiunguruma, washa taa kubwa na feni. Mshale wa joto ukiruka papo hapo, maji hayajapata moto kwa sekunde moja, ethi ndiyo mbovu. Weka multimita kwenye volti, ncha moja kwenye mwili wa sensa na nyingine kwenye hasi ya betri, taa zikiwa zimewaka. Ikizidi volti 0.2, safisha na ukaze mkanda kabla ya kulaumu geji.

Sensa ya maji ikae kwenye silinda hedi, au kwenye mkondo wa maji kabla ya themostati, ili isome hata themostati ikiwa imefunga. Ukiiweka kwenye mpira wa chini wa rejeta unapima maji yaliyokwisha kupoa. Jambo ambalo madereva wengi hawalijui ni kwamba sensa hii inapima sawasawa ikiwa imezama. Maji yakimwagika ghafla, inabaki kwenye hewa na mvuke, na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Joto likishuka ghafla mlimani bila sababu, simama. Kabla ya kuifunga, ijaribu: iunganishe na geji, mwili wake upate waya wa hasi, itumbukize kwenye sufuria pamoja na kipimajoto, uchemshe polepole ukilinganisha namba.

Kwa joto la moshi, kipimo kinaingia kwenye manifoldi kabla ya tabo. Kwa thredi ya 1/8 NPT toboa kwa biti ya milimita 8.7, ukipaka grisi nyingi kwenye biti na kwenye tepu ya kukatia thredi ili vumbi la chuma linate. Njia salama zaidi ni kushusha tabo, kwa sababu chembe moja ikipita inang'oa mapanga. Waya za kipimo hiki usizirefushe kwa waya wa kawaida wa kopa. Zimetengenezwa kwa metali maalumu, na ukiziunga hovyo namba zinapotoka. Kwa pistoni za alumini, usikae kwa muda mrefu juu ya nyuzi 700 za Selsiasi hivi.

Volti haina mengi. Mfumo wa 12 injini ikiwa imezimwa usome karibu 12.6, ikiwaka 13.8 hadi 14.4; mfumo wa 24 ni mara mbili yake. Umeme wa geji uchukue baada ya swichi ya funguo, wenye fyuzi ya ampea 3, na ulinganishe namba na ya betri kwa multimita, maana swichi iliyochoka inakula nusu volti bila aibu. Geji ya zamani ya ampea, ile inayopitisha umeme wote wa alteneta nyuma ya dashibodi, ningeiondoa kabisa, hasa ikiwa alteneta imebadilishwa na kuwekwa kubwa zaidi. Nati yake ikilegea inaweza kuanzisha moto.

Kwenye kabini, geji nyingi zina kipenyo cha milimita 52. Zigeuze kwenye matundu yake mpaka misimamo ya kawaida yote ielekee juu, hata kama maandishi yatakaa upande. Mshale mmoja ukilala, jicho litaukamata bila kusoma namba.

Ukiwasha mara ya kwanza, mtu mmoja atazame geji na mwingine awe chini na tochi kwenye kila fitingi. Presha isipopanda ndani ya sekunde kumi, zima. Ikipanda, acha injini ipate moto, uandike presha yake ikiwa baridi, ikiwa ya moto bila kukanyagwa mafuta, na ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika. Kisha baada ya siku chache za kazi rudi chini, ufute vumbi kwenye zile fitingi za oili, na uguse kwa kidole kama kuna unyevu.